Usiulize Linafika Digrii Ngapi, Uliza Linavyopoa

Hotuba kuhusu kununua tanuri la kioo, niliyotoa Jumamosi moja asubuhi mbele ya wachoraji na mafundi wa vioo, katika ukumbi wa kuazima huko Ngara, Nairobi. Nimeiandika upya kwa ajili ya waliokosa kufika, na wale waliokaa nyuma ambako spika ilikuwa ikikoroma.

Hamjambo nyote. Wazee wetu mlioko mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama makondakta, ingieni, viti vipo.

Nimekuja na sahani. Nitaomba ipite mkono kwa mkono, lakini polepole, maana ina makali. Ni vipande viwili nimevishika pamoja kwa tepu. Sahani hii niliipika mwenyewe miaka mingi iliyopita, vioo vinne vya dirisha vya milimita 3 nimevipanga kimoja juu ya kingine, nikavipaka rangi ya buluu. Ilitoka tanurini ikiwa safi, ina mng'ao, hata mimi nilijipongeza. Mteja akalipa, akaipeleka nyumbani. Wiki tatu baadaye akanipigia simu usiku: "Dada, sahani yako imepasuka yenyewe. Ilikuwa mezani, ina maembe, hakuna aliyeigusa. Imelia paa! Nyumba nzima imeruka." Nilimsikia anavyohema. Nadhani alikuwa karibu kuniuliza kama kazi yangu ina mkono wa mtu.

Haikuwa na mkono wa mtu. Ilikuwa na tanuri baya. Na ubaya wa tanuri lile haukuwa kwenye kupanda.

Nasema hivi kwa sababu kila wiki kuna kijana ananitumia picha na swali: "Mama, nimepata tanuri la mtumba, linafika digrii 1,300. Nichukue?" Wote mnaniuliza linafika ngapi. Digrii 1,300 ni za mfinyanzi, za vigae na vyungu vigumu. Kwetu sisi wa kioo ni kama kukodi lori uende sokoni kununua kitunguu kimoja. Hebu tuhesabu. Rangi ya manjano ile inayotokana na madini ya fedha, tunaichoma kwenye digrii 550 au zaidi kidogo. Rangi za kuchorea mistari na vivuli, zile za sura za watakatifu madirishani, huhitaji kati ya 620 na 680. Kukilaza kioo ndani ya kalibu kiwe bakuli ni hapo hapo. Kubandika vioo viwili vishikane lakini kila kimoja kibaki na umbo lake, 730 hadi 760. Kuviyeyusha kabisa viwe kitu kimoja ni kama 800, na kioo cha dirisha ambacho ni kigumu zaidi kinadai 820 au 840. Hakuna mahali tumevuka 900. Karibu kila tanuri mtakaloonyeshwa litafika. Kwa hiyo swali hilo halichagui chochote.

Kabla sijaendelea, wenzetu wengine hapa wanafikiria tanuri la kupulizia kioo kwa mrija, kama wale wa Kitengela, ambako Nani Croze na familia yake wamefanya chupa kuukuu na vioo vilivyovunjika kuwa sanaa inayojulikana duniani. Tanuri la kupulizia lina kioo kilichoyeyuka ndani yake kama uji, moto mchana na usiku. Hilo ni jambo lingine, na bajeti nyingine. Mimi nazungumzia sanduku la umeme unaloweka kioo kikiwa baridi na kukitoa kikiwa baridi.

Sasa irudisheni ile sahani. Tazameni ufa. Umepinda kama mto, haukwenda moja kwa moja. Halafu pitisheni kucha, si kidole, kwenye ukingo wa ufa. Unakwaruza. Ni mkali kama wembe. Hii ni lugha, na mtu wa kioo lazima ajue kuisoma. Kioo kikipasuka wakati joto linapanda, baadaye moto unaendelea kukilainisha, na ukingo wa ufa unakuwa mviringo kama pipi iliyomung'unywa. Ukikuta ukingo wa mviringo, ulikimbiza moto mwanzoni. Ukikuta ukingo mkali, kimepasuka wakati wa kushuka, au baada ya kutoka kabisa. Na ufa ukifuata mpaka wa kioo kimoja na kingine, kama barabara inayofuata uzio wa shamba, basi hivyo vioo viwili havikuwa vya ukoo mmoja: kimoja kinasinyaa zaidi ya kingine kikipoa, na ndoa yao haikuwezekana tangu mwanzo. Ndiyo maana nawaambia msichanganye kioo cha dirisha na chupa ya bia, wala chupa ya bia na ya divai, hata zikiwa na rangi moja. Lakini sahani yangu ilikuwa ya kioo kimoja tupu, kutoka bamba moja. Haikuwa na kisingizio.

Kilichotokea ni hiki. Kioo hakina ile siku moja ya kuganda kama maji yanavyokuwa barafu. Kinazidi kukaza kidogo kidogo. Ngozi ya nje inatangulia kupoa na kuwa ngumu huku nyama ya ndani bado ni ya moto na laini. Ndani nako kunapokuja kupoa kunataka kusinyaa, lakini nje imeshakataa. Basi kioo kinabaki kinajivuta chenyewe kwa chenyewe. Kwa macho hakuna kitu. Kinaweza kukaa siku, wiki, mwaka, mpaka gari kubwa lipite barabarani au embe la baridi liwekwe juu yake.

Dawa yake ni kukisimamisha kioo njiani wakati wa kushuka, kwenye joto ambalo bado kinaweza kujilegeza, kikae hapo mpaka ndani na nje pawe sawa, kisha kishuke kwa adabu. Mimi naita hatua hiyo kutuliza kioo. Kioo cha dirisha nakituliza karibu na digrii 540. Vioo vya kisanaa vya kuagiza vina joto lao. Vile vya kampuni ya Bullseye ya Portland, Marekani, ambayo imekuwa kwenye kazi hii tangu 1974, hutulizwa kwenye digrii 482. Jedwali lao ndilo lililonifundisha adabu. Kioo chenye unene wa milimita 12 unakituliza saa 2, halafu kinaanza kushuka kwa digrii 55 kila saa. Ukiongeza unene hadi milimita 25, utasema labda niongeze mara mbili? Saa za kutuliza ni 4, sawa, mara mbili. Lakini mwendo wa kushuka sasa ni digrii 15 kwa saa. Kumi na tano! Unene umezidi mara mbili, mwendo umepungua karibu mara nne.

Sahani yangu ilikuwa na unene wa karibu milimita 12 na niliishusha kwa kuzima swichi na kwenda kulala.

Tanuri lenyewe lilikuwa dogo, jepesi, ndani limezungushwa blanketi ya seramiki, ile ya nyuzi za kuzuia joto, na badala ya kontrola, kile kifaa cha kupanga joto hatua kwa hatua, lilikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye namba, kama cha kuka. Lilikuwa likipanda hadi 800 kwa muda mfupi mno, nami nikiona sifa. Sikujua kwamba kinachopanda haraka kwa sababu hakina mwili, hushuka haraka kwa sababu hiyo hiyo. Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa Industrial Area, akalifungua kifuniko, akalifunga, akaniambia: "Mama, ulinunua jiko. Tanuri bado hujanunua."

Basi ukisimama mbele ya tanuri unalotaka kununua, kitu cha kwanza cha kutazama ni kontrola. Si rangi ya bati, si magurudumu. Kontrola iwe na hatua za kutosha: panda kwa mwendo huu hadi hapa, kaa dakika hizi, shuka haraka hadi pale, kaa tena, shuka polepole. Hatua sita zinatosha kwa kazi nyingi, nane ni raha. Matanuri mengi ya zamani ya wafinyanzi yana kifaa kinachozima tu umeme koni, kile kijipembe cha kupimia joto, ikishainama. Kifaa hicho hakijui kushuka, kinajua kuzima. Hasira yangu haiko kwa wafinyanzi, wao kazi yao inavumilia. Tanuri lao la matofali mazito hata hushuka polepole lenyewe, na kama kioo chako ni chembamba unaweza kubahatika. Lakini likifungiwa kontrola na themokapo, ule waya wa kupimia joto, tanuri la mfinyanzi linaweza kuokoka. Nimeona yaliyookoka.

Kinacholisumbua zaidi ni mahali pa koili, zile nyaya zinazotoa joto. Mfinyanzi anapanga vyungu kwenda juu, kwa hiyo koili zake zinazunguka kuta. Kioo kinalala chali, kimetandazwa kama chapati. Moto ukitoka kuta pekee, ukingo wa chapati unaiva na katikati bado mbichi, na kioo kisichopata moto sawasawa chini ya digrii 500 hivi hupasuka. Tanuri la kuyeyushia vioo linataka koili za juu, kwenye kifuniko, zikitazama chini uso mzima wa kazi. Tanuri la kuchomea rangi peke yake linaweza kuwa na koili za pembeni na rafu kadhaa, kwa sababu vile vipande ni vyembamba na unataka kuchoma vingi kwa mara moja. Anayetaka kufanya yote mawili, na wengi wenu mnataka, atafute lenye koili za juu na za pembeni, na swichi ya kugawa kati yake. Kama fedha haitoshi kupata hilo, chukua la koili za juu. Rangi huchomeka vizuri ndani ya tanuri la kuyeyushia, rafu moja moja. Kinyume chake ni taabu.

Nina jaribio moja la pembe, na muuzaji akikukatalia kulifanya, msalimie uende zako. Kata vipande vitano vya kioo cha dirisha, virefu na vyembamba, vyote sawa kwa milimita. Kila kimoja kilaze juu ya matofali mawili madogo kama daraja: vinne kwenye pembe nne za tanuri na kimoja katikati. Pandisha polepole hadi karibu 650, kaa dakika chache, poza. Ukifungua, madaraja yote yatakuwa yameinama. Swali ni kama yameinama sawa. Langu la sasa, daraja la pembe ya kushoto nyuma lilikuwa limelegea karibu nusu tu ya mwenzake wa katikati. Nililinunua hivyo hivyo, kwa sababu sasa nilijua. Kazi ya rangi siweki pembe ile. Kwa mchoraji tofauti hiyo ni kitu kikubwa kuliko kwa anayeyeyusha: uso wa malaika ukiwa na mng'ao upande wa kulia na upande wa kushoto umebaki mkavu kama chaki, huna pa kujificha.

Tuje kwenye stima, ndugu zangu, maana hapa Nairobi ndipo ndoto nyingi huishia.

Soketi ya kawaida ya ukutani ni ampea 13. Zidisha na volti 240, unapata wati 3,120. Hapo ndipo mwisho wa tanuri la kuchomeka kwenye soketi, na kwa kweli ukae chini ya hapo. Mtu ananiambia, "Lakini shawa yangu ya umeme inakula zaidi ya kilowati 5." Ndiyo, kwa dakika kumi, na kwa waya wake yenyewe. Tanuri litakaa hapo usiku kucha. Plagi inayobeba ampea 12 saa baada ya saa huanza kupata joto, halafu kunuka, halafu kubadilika rangi. Nenda uishike baada ya saa moja. Kama huwezi kuihimili mkononi, zima. Tanuri lolote zaidi ya kilowati 3 liwekewe laini yake kutoka kwenye boksi la umeme, na swichi yake ya usalama, kama ya kuka, na fundi mwenye leseni. Muulize pia kuhusu waya wa ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina shimo la tatu kwenye soketi ambalo nyuma yake hakuna kitu.

Na jihadharini na dili za Marekani. Kuna matanuri mazuri madogo ya huko yametengenezwa kwa volti 120. Koili ya volti 120 ukiipa 240 haitoi joto mara mbili, inatoa mara nne, na koili inakufa kabla hujasema "ngoja". Transfoma ipo, lakini ya kubeba mzigo huo ni nzito na si rahisi kwa bei. Kuagiza pia kuna mambo yake: bei ya dukani kule ni mwanzo tu, kuna meli, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, na tanuri la matofali ni zito tena matofali yake laini humeguka njiani. Kama utaagiza, omba seti moja ya koili na themokapo ya akiba ndani ya boksi hilo hilo.

Halafu swali ambalo wauzaji wa ng'ambo hulishangaa: stima ikipotea na kurudi, kontrola inafanya nini? Kuna zinazokumbuka zilipofika na kuendelea. Kuna zinazojizima na kukuandikia herufi za ajabu. Kuna ambazo huanza upya kutoka hatua ya kwanza. Hakuna iliyo dhambi, lakini lazima ujue yako ni ipi. Stima ikipotea wakati wa kupanda, usifungue, ngoja. Hakuna kilichoharibika, utaanza tena kesho kutoka baridi. Ikipotea kileleni, kazi itakuwa imeshuka kabla ya kuiva, utairudia. Ikipotea wakati wa kutuliza, hapo ndipo unajua kama ulinunua jiko au tanuri. Matofali mazito yatashikilia joto na kushuka yenyewe kwa heshima. Blanketi peke yake itakimbia. Na hata kazi ikitoka nzima, usiiuze. Irudishe, ipandishe polepole hadi joto la kutuliza, ikae, ishuke. Kioo husamehe ukikirudisha kabla hakijapasuka.

Utajuaje kama kina mvutano wa ndani? Kuna njia ya bure, karibu. Washa kompyuta, fungua ukurasa mweupe mtupu. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile ya kweli, kisha ulaze kichwa pembeni mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa weka kioo chako safi kati ya macho na skrini. Kioo kilichotulia kinabaki cheusi. Chenye mvutano kinawaka mwanga mweupe kama mbalamwezi kwenye pembe au kuzunguka kipande kilichounganishwa. Mara ya kwanza nilipoijaribu nilitoa kabatini kazi zangu zote za zamani, moja baada ya nyingine. Nilitupa sita. (Hii ni kwa kioo kinachopitisha mwanga; kioo cha rangi nzito kitakuficha siri yake.)

Sasa, tutengeneze letu? Nimeulizwa hili na vijana wawili hapa kabla sijapanda jukwaani, na jibu langu ni ndiyo, ila mfuate utaratibu. Mji uliozoea kuona majiko yakifuliwa Kamukunji hauwezi kushindwa na sanduku la bati. Mwili wa tanuri ni chuma cha pembe na bati. Ndani matofali mepesi ya moto. Nyuma yake tabaka la kuzuia joto. Kuna mawe mepesi ya diatomaiti ya Kariandusi, kule upande wa Gilgil, mabaki ya viumbe wadogo mno wa ziwa la kale, mepesi hata ukishika kipande unadhani ni mkate. Yanazuia joto vizuri sana yakiwa nyuma ya tofali la moto, si mbele yake. Koili ya nikromu, waya wa nikeli na kromiamu, inatosha, maana hatuvuki 900. Lakini fundi akikusokotea koili mwambie wati unazotaka na umsimamie akihesabu. Kitu ambacho si cha kujitengenezea ni kontrola. Hiyo nunua. Na atakayekata blanketi ya seramiki avae barakoa ya vumbi ya maana, si kitambaa. Vumbi lake halifai mapafuni, na likishachomwa halipungui ubaya.

Nikiwa kwenye mambo ya nyumbani: mnajua mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la zaidi ya digrii 1,700? Kinachoushusha mpaka binadamu auweze ni magadi. Ndiyo, ndugu wa yale ambayo bibi zetu walitia kwenye maharagwe. Ziwa Magadi liko kusini ya hapa, limekuwa likichimbwa tangu enzi za ukoloni, na viwanda vya kioo vya mbali vimekula magadi yetu. Na gundi ya akasia inayotoka Isiolo, Marsabit na Turkana ndiyo tunayochanganya na rangi ili ishike kioo kabla ya kuchomwa. Basi mtu asiniambie hii ni sanaa ya kigeni.

Gundi hiyo, kwa njia, ndiyo sababu tanuri la mchoraji linahitaji tundu. Inaungua na kutoa moshi, na moshi ukifungiwa ndani rangi inakuwa na ukungu. Mimi huacha kifuniko kimeinuliwa kidogo kwa kijiti cha seramiki mpaka kama digrii 450, halafu nakishusha. Dirisha la chumba liwe wazi. Rangi nyingi za jadi zina madini ya risasi, yenye sumu, kwa hiyo hakuna chai mezani, na sahani iliyochorwa kwa rangi hizo hailiwi. Itundikwe ukutani ipendeze.

Mtumba naupitia haraka, maana muda umekwenda. Chomoa plagi kwanza. Pima ukinzani wa koili, yaani omu zake, kwa mita, na ulinganishe na hesabu hii: volti mara volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. 240 mara 240 ni 57,600. Tanuri la wati 2,400 lisome omu 24 hivi. Likisoma 30, koili zimechoka, punguza bei. Lisiposoma kitu, kuna iliyokatika. Usiiguse koili ya zamani kuinyoosha. Ikishapata moto mara nyingi inakuwa kama tambi kavu. Nyufa ndogo kwenye matofali si tatizo, yote huwa nazo. Kifuniko kisichofunga sawasawa ni tatizo, hasa kwa baridi ya Julai hapa kwetu, maana upepo ukipenya upande mmoja wakati wa kushuka unajua kitakachotokea.

Baada ya hapo yalikuja maswali. Dada mmoja wa kutengeneza shanga aliuliza kama linaweza kuwa la makaa au gesi. Nilimwambia watu walichoma rangi za madirisha kwa kuni kwa mamia ya miaka, kwa hiyo linawezekana. Lakini walikuwa na vijana wa kukesha wakichungulia moto. Na moshi ukigusa rangi unaigeuza. Kwa shanga ndogo ningejaribu gesi. Kwa sahani singejaribu.

Mwingine akataka kujua gharama ya tokeni. Langu ni la kilowati 3, na kazi ya kuyeyusha kabisa hula kati ya uniti 10 na 15. Kuchoma rangi ni kama nusu yake. Kila mtu azidishe kwa bei anayolipa, kisha aiandike kwenye bei ya kazi, jambo ambalo wengi wetu hatufanyi.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja, mhasibu wa kanisa nadhani, kwa jinsi alivyoshika daftari. Kanisa lao linataka dirisha la kuchorwa, kimo cha futi nane. Alikuwa ameletewa bei ya tanuri kubwa kama kitanda na ilikuwa imemnyima usingizi. "Mama, hakuna njia nyingine?"

Nilimwomba akumbuke dirisha lolote la kanisa alilowahi kulitazama vizuri. Ile mistari myeusi minene siyo ya kuchorwa, ni risasi inayoshikanisha vipande. Uso ni kipande kimoja, mkono kingine, kila kunjo la kanzu kingine. Kipande kikubwa kabisa kwenye dirisha la futi nane huenda kisizidi ukubwa wa daftari lake lile. Tanuri lenye nafasi ya sentimita 40 kwa 40 linachoma dirisha zima, awamu baada ya awamu, na linatosha kwenye soketi. Akafunga daftari. Akaniuliza kama anaweza kupita karakana Jumatatu aone lenyewe lilivyo ndani.

Nikamwambia aje Jumanne mchana, kwa sababu nililiwasha alfajiri hiyo likiwa na kipande kinene ndani, na kabla ya Jumanne silifungui.